Filta Iliyokwama: Jinsi ya Kuifungua Bila Kuharibu Kichwa Chake

Mahindi yanapokauka mashambani Chepkoilel, kuanzia Oktoba hadi Desemba, malori yaliyolala tangu msimu uliopita huamshwa. Betri huchajiwa, tairi hujazwa upepo, magunia hupangwa, na safari ya kwenda kwenye maghala ya Bodi ya Nafaka mjini Eldoret huanza. Ni kilomita chache tu. Lakini likifika mlima wa kwanza, lori huanza kukohoa na kuishiwa nguvu kana kwamba limepakia mawe. Dereva akifungua koki iliyo chini ya filta ya dizeli, huona maji ya rangi ya kutu. Dawa inajulikana: filta ibadilishwe. Shida ni kwamba filta yenyewe imeng'ang'ania pale ilipo.

Msimu mmoja niliitwa kwenye boma moja upande wa nyuma wa Chuo Kikuu cha Eldoret. Isuzu kuukuu lilikuwa limesimama uani na magunia juu yake. Kijana aliyenitangulia alikuwa amelitoboa kopo la filta kwa bisibisi na kulivuta, likachanika kama karatasi. Sahani ya juu ikabaki imeshika. Akachukua patasi akaipiga, na patasi ikateleza ikachimba alumini ya kichwa cha filta, pale pale raba inapokalia. Siku nne lori lilikaa likingoja kichwa kingine, huku mawingu yakikusanyika. Mzee mwenye lori hakumgombeza mtu. Aliniuliza swali moja tu: "Fundi, hii ilifungwa na nani?"

Swali lile sijalisahau, kwa sababu ndani yake mna somo zima. Filta nyingi zinazokwama zilianza kukwama siku zilipofungwa: raba haikupakwa kitu, mtu akakaza kwa spana, kisha zikaachwa miaka. Kwa hiyo katika makala haya nitaeleza namna ya kuifungua filta iliyokwama, na nitaeleza kwa uzito uleule namna ya kuifunga mpya ili atakayekuja baada yako asiteseke.

Kwa nini hukwama

Mambo manne hukutana. La kwanza ni raba. Ikifungwa kavu hushikana na alumini ya kichwa, na kila injini inapopata moto na kupoa, inazidi kunata kama iliyogundishwa. La pili ni nguvu kupita kiasi. Filta ya kuzungusha imeundwa ikazwe kwa mkono. Ukikaza kwa spana, raba hubanwa ikawa bapa na kopo hujifunga chuma kwa chuma.

La tatu ni kutu. Eldoret iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,100, na usiku wake ni wa baridi. Tangi lililoachwa nusu huwa na hewa juu ya dizeli. Usiku unyevu wa hewa hiyo hugeuka kuwa matone kwenye ukuta wa tangi, matone hushuka chini kwa sababu maji ni mazito kuliko dizeli, na mwisho wake ni ndani ya filta. Lori linalofanya kazi miezi mitatu na kulala tisa hukusanya maji mengi kwa njia hii. Nje nako, matope mekundu ya barabara za murram hukaa kwenye ukingo wa juu wa kopo na kuushikilia unyevu.

La nne ni dizeli chafu. Kwa miaka mingi wafanyabiashara wasio waaminifu walichanganya dizeli na mafuta ya taa kwa sababu yalikuwa ya bei nafuu zaidi, hadi serikali ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuua biashara hiyo. Uchafu mwingine hutoka kwetu wenyewe: mapipa ya shambani yaliyoachwa wazi, na mitungi iliyowahi kubeba maji. Filta inayoziba haraka hubadilishwa kwa haraka, na haraka huzaa ufungaji mbaya.

Ijue filta yako kwanza

Kwenye magari ya zamani utakutana na aina mbili.

Aina ya kwanza ni kopo zima la chuma linalozungushwa kwenye kichwa cha alumini. Ndiyo inayopatikana kwenye malori mengi ya Isuzu na Canter yanayobeba nafaka huku kwetu. Katikati ya kichwa kuna kibomba kifupi cha chuma chenye thredi, yaani zile nyuzi za msokoto, na kopo hujifunga juu yake. Baadhi huwa na koki ya kutolea maji chini, na nyingine huwa na waya wa kitambuzi cha maji.

Aina ya pili ni ile ya bolti ndefu inayopita katikati, iliyoenea kwenye trekta za Massey Ferguson za zamani na malori ya Bedford. Hapa filta yenyewe hubanwa kati ya kichwa na kikombe cha chini, na bolti ndiyo inayoshikilia vyote. Eneo hili limeishi na mashine hizo kwa muda mrefu: Chuo Kikuu cha Eldoret, kilichopata hati yake mwaka 2013, kilianza mwaka 1946 kama kituo cha kuwafunza wakulima wa mashamba makubwa. Bado utaziona trekta za aina hiyo zikilima ngano na mahindi. Nitaieleza aina hii kivyake mbele kidogo.

Kabla ya kushika spana

Nunua filta mpya kwanza. Ilinganishe na ya zamani ingali garini: kipenyo cha raba, urefu wa kopo, mahali pa koki. Thredi utazihakikisha ya zamani ikitoka. Kuna filta zinazofanana kwa macho lakini zikatofautiana thredi, nazo huingia mizunguko miwili kisha zikala kibomba. Usiifungue ya zamani kabla ya kuwa na mpya mkononi, na usiianze kazi hii jioni ya kuamkia safari.

Simamisha lori mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka kabari kwenye magurudumu. Likiwa ni la kuinua kabini, hakikisha chuma cha kuizuia kimeingia mahali pake kabla ya kuweka kichwa chako chini yake. Funga koki ya tangi kama ipo. Ondoa waya wa hasi wa betri, maana kwenye magari mengine filta iko karibu na stata, na spana ya chuma ikigusa pale itatoa cheche.

Dizeli haishiki moto upesi kama petroli. Kwa kawaida mvuke wake huanza kuweza kuwaka joto likizidi nyuzi 50 na kitu za Selsiasi. Lakini kitambaa kilicholowa dizeli huwaka kama utambi, na dizeli iliyochanganywa na petroli au mafuta ya taa haifuati kanuni hiyo. Kwa hiyo hakuna sigara, hakuna jiko la makaa karibu, na ndoo ya mchanga mkavu iwe pembeni. Vaa glavu na miwani. Ukilala chini ya filta, kitakachomwagika kitakuja usoni.

Sasa osha. Watu huiruka hatua hii, na ndiyo inayookoa pampu. Sehemu za ndani za pampu ya injekta hupishana kwa mikroni chache tu, wakati unywele wa binadamu una unene wa takriban mikroni 70. Chembe ya vumbi la murram ikiingia upande wa dizeli safi itakwaruza kitu ambacho bei yake ni mara nyingi ya bei ya filta. Sugua kichwa na kopo kwa brashi na maji ya sabuni, kausha, kisha pitisha kitambaa safi kwenye ukingo.

Mwisho, chomoa waya wa kitambuzi ikiwa upo, weka karai chini, fungua koki ya filta utoe maji na dizeli iliyomo. Kopo lililopungua uzito ni rahisi kulishika, na halitakumwagikia.

Hatua kwa hatua

*1. Hakikisha unazungusha upande sahihi.* Hili linaonekana dogo, lakini nimewakuta watu wenye nguvu wakikaza filta kwa nusu saa wakidhani wanafungua. Filta inaning'inia, mdomo wake ukiwa juu. Ukiwa umelala chini ukiitazama kutoka tumboni, zungusha kinyume cha mwendo wa saa. Ukiwa umeinama juu unaitazama kutoka kichwani, basi mkono wako utakwenda upande wa saa. Chora mshale kwenye kopo kwa chaki kabla hujaanza.

*2. Pasha joto kidogo.* Kama injini inawaka, iache iungurume dakika tano hadi kumi kabla ya kuondoa waya wa betri, kufunga koki ya tangi na kutoa dizeli ya filta. Haiwaki? Chovya kitambaa kizito kwenye maji ya moto, kikamue, ukifunge kuzunguka sehemu ya juu ya kopo na kichwa, ukirudia mara tatu au nne. Raba iliyopata joto hulainika na kuachia. Tena alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile, na tofauti hiyo ndogo hutosha kuvunja mshiko wa kutu. Usitumie moto wa gesi wala kibatari hata kidogo. Ndani ya kopo hilo mna mafuta na karatasi.

*3. Paka mafuta ya kupenya, ukijua mipaka yake.* Nyunyizia pale ukingo wa kopo unapokutana na kichwa, uache robo saa au zaidi. Yatasaidia kutu ya nje na matope yaliyokauka. Hayatafika kwenye thredi za katikati, kwa sababu raba yenyewe inayaziba njia. Kwa hiyo usimwage kopo zima ukitarajia muujiza. Usitumie mafuta ya breki wala petroli: ya kwanza huharibu raba na rangi, ya pili inaweza kukuunguza.

*4. Jaribu mkono kwa njia ya kweli.* Kopo lenye mafuta huteleza, na watu wengi huamua limekwama kabla hawajalishika vizuri. Lipanguse kwa sabuni ya unga na kitambaa kikavu. Kisha lizungushie msasa, upande wenye makali ukitazama kopo, au kipande cha chubu kuukuu ya tairi. Shika kwa mikono miwili karibu na juu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: ukilala vizuri, mabega yakiwa sawa chini ya filta, utapata nguvu ambayo huwezi kuipata ukiwa umejipinda kando ya gurudumu. Filta nyingi hutoka katika hatua hii.

*5. Tumia mkanda au mnyororo, na uuweke juu.* Spana ya mkanda ni salama kuliko zote. Kama huna, kipande cha mkanda wa feni kilichofungwa kitanzi kwenye bomba fupi la chuma hufanya kazi hiyo. Mnyororo wa pikipiki ulioungwa kwenye mpini hushika hata kopo lililokwisha kubonyea, ila utaliharibu kabisa. Chochote utakachotumia, mahali pa kushika ni karibu kabisa na kichwa. Huko ndiko kuna sahani nene ndani ya kopo inayolifanya liwe gumu. Ukishika katikati, bati jembamba litabonyea, litajipinda, na mwisho litachanika huku sahani ikiwa haijasogea.

Hapa kuna siri ambayo wazee wa kazi hii huijua. Kabla ya kufungua, kaza kidogo sana, kama upana wa ukucha. Ile hali ya kusukumwa upande mwingine huvunja gundi ya raba. Kisha geuza, vuta kwa nguvu ya kudumu isiyo ya ghafla, na mwenzako agonge ukingo wa juu wa kopo taratibu kwa kipande cha mti, akizunguka pande zote. Ikisogea hata milimita moja, umeshinda. Rudisha kidogo, vuta tena, mpaka ije yenyewe.

*6. Bisibisi iwe ya mwisho.* Kutoboa kopo kwa bisibisi ndefu na kulitumia kama mpini ndiyo mbinu ya kwanza ya wengi. Mimi naiweka mwisho, na kwa sharti: ukishatoboa, lori haliondoki tena mpaka filta itoke. Usianze kama ungali na njia nyingine, wala kama filta mpya haipo. Ukilazimika, hakikisha dizeli imetolewa yote. Toboa pande zote mbili ili bisibisi ipite katikati, chini ya mahali kile kibomba cha chuma kinapoishia. Ukitoboa juu mno utakigonga kibomba na kuua thredi zake. Ukitoboa chini mno kopo litachanika. Vuta polepole. Ukiona bati linaanza kupasuka badala ya kuzunguka, acha hapo hapo.

Kopo likichanika na sahani ikabaki

Usipaniki, na usichukue patasi kubwa. Kata mabaki ya bati kwa mkasi wa bati mpaka sahani ya mviringo ionekane wazi. Utaona matundu madogo yamezunguka tundu kubwa la katikati; hayo ndiyo mlango wako. Ingiza ncha za bolti mbili imara kwenye matundu yanayotazamana, kisha pitisha nondo fupi kati yake na uzungushe. Mara nyingi sahani hukubali, kwa sababu sasa nguvu inaingia moja kwa moja kwenye chuma kinene.

Ikikataa, chukua panchi butu na nyundo nyepesi. Iegemeze kwenye ukingo wa tundu mojawapo kwa mshazari na ugonge kuelekea upande wa kufungua, mapigo madogo mengi. Ukitaka kugonga ukingo wa nje wa sahani, panchi isiuguse uso wa alumini hata mara moja. Uso huo ukichimbwa, hakuna raba itakayouziba vizuri, na mkwaruzo mdogo unaotoka ndani hadi nje hutosha kuingiza hewa. Hicho ndicho kilichompata yule kijana wa uani.

Mara nyingine kibomba hutoka pamoja na filta. Hilo si balaa. Kitoe kwenye filta kwa uangalifu bila kubana thredi zake kwa koleo kavu. Funga nati mbili juu yake zibanane, kisha zungusha ile ya ndani. Kisafishe, kague thredi zake kwa mwangaza, ukirudishe kwenye kichwa kwa gundi ya thredi upande wa kichwa peke yake. Kama thredi zimeliwa, badilisha. Kama kichwa kimepata ufa au uso wake umechimbika, tafuta kingine kwenye maduka ya spea Eldoret, ukibeba cha zamani mkononi kwa kulinganisha.

Ikiwa filta yako ni ya bolti

Hapa adui ni bolti ya chuma iliyoingia kwenye alumini. Tumia spana ya pete au soketi inayokaa barabara. Spana ya mdomo itakula kichwa cha bolti. Paka mafuta ya kupenya juu, pale bolti inapoingia, kwani upande huu njia haijazibwa na raba pana. Gonga kichwa cha bolti kwa nyundo ya wastani mara kadhaa ukikifuata kwa mstari ulionyooka, halafu fungua robo mzunguko, funga nusu ya hiyo, fungua tena. Mkono mmoja ushikilie kikombe cha chini, maana kitaanguka, na kama ni cha kioo kitavunjika.

Bolti ikitoka, tafuta raba zote za zamani: pana ya juu, pana ya chini, na ile ndogo ya bolti. Hiyo ndogo ndiyo inayosahaulika, ikabaki juu kwenye mfereji wake, mpya ikawekwa juu yake, na lori likavuta hewa wiki nzima pasipo mtu kujua kwa nini. Unapofunga, kumbuka kwamba thredi za alumini hazisamehe. Kaza mpaka raba zishike, ongeza kidogo, basi.

Kufunga filta mpya

Panguza uso wa kichwa kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi. Pitisha kidole kuzunguka mahali raba inapokalia. Raba ya zamani hupenda kubaki imeshika huko juu, nyeusi juu ya uchafu mweusi, na macho hayaioni, kidole huiona. Raba mbili zikikaliana, filta itavuja au itavuta hewa.

Paka raba mpya dizeli safi kwa kidole. Tone hilo tu ndilo lingeokoa siku nne za yule mzee. Ikiwa gari lako halina pampu ya mkono na unalazimika kuijaza filta kabla ya kuifunga, mimina dizeli safi kwenye matundu madogo ya pembeni, kamwe si kwenye tundu la katikati. Tundu la katikati ni upande wa dizeli iliyokwisha kuchujwa. Unachomimina humo kinakwenda pampuni moja kwa moja.

Zungusha kwa mkono. Ikianza kwa mshazari au kwa ugumu, irudishe uanze upya. Raba ikigusa kichwa, ongeza nusu mzunguko hadi robo tatu, kama maandishi ya kwenye kopo yanavyoelekeza. Mikono inatosha. Spana ya filta ni ya kufungulia. Wakati wa kufunga iache sandukuni.

Kutoa hewa

Injini ya dizeli haiwaki ikiwa na hewa kwenye njia ya mafuta. Fungua koki ya tangi, rudisha waya wa betri, kisha legeza skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya kichwa cha filta. Bonyeza praima, ile pampu ndogo ya mkono, mpaka dizeli itoke bila povu. Kaza skrubu huku ukiendelea kubonyeza. Bonyeza tena mpaka praima iwe ngumu mkononi. Sasa washa, si zaidi ya sekunde 15 kwa mara moja, ukiipumzisha stata kati ya jaribio na jaribio.

Isipowaka kwenye injini ya pampu ya kawaida, fundi hulegeza nati za mabomba yanayokwenda kwenye nozo huku mtu akizungusha injini, mpaka dizeli itoke pale, kisha anazikaza. Weka mikono mbali. Dizeli yenye shinikizo kubwa hupenya ngozi kama sindano, na kidonda kidogo kisichouma sana kinaweza kumpotezea mtu kidole. Likitokea, ni hospitali mara moja, bila kungoja uvimbe. Na kama lori lako ni la kizazi kipya chenye mfumo wa reli ya shinikizo na kompyuta, usilegeze mabomba hayo kabisa.

Iache injini iungurume dakika kumi, kagua kwa tochi, kisha kagua tena asubuhi. Jua na hili: ikiwa filta iko kati ya tangi na pampu ya kuvuta mafuta, kasoro yake haitadondosha dizeli. Itavuta hewa kimyakimya, na utaijua kwa lori kukataa kuwaka asubuhi au kukohoa likipanda mlima.

Mabaki yana mahali pake

Dizeli chafu ya kwenye karai isimwagwe mtaroni. Maji ya mvua ya eneo hili huenda kwenye mabonde yenye majimaji ambako ng'ombe hunywa, na hapa hapa chuo kina mabwawa ya samaki. Iweke kwenye mtungi wenye kifuniko na maandishi. Acha kopo la zamani likiwa limepinduliwa usiku mzima mpaka likauke, kisha ulitoe pamoja na vyuma chakavu, mbali na watoto.

Kabla ya kulilaza lori tena

Msimu ukiisha, jaza tangi mpaka juu. Tangi lililojaa halina nafasi ya hewa, na pasipo hewa hakuna unyevu wa kugeuka matone. Fungua koki ya filta utoe maji, na uifungue tena mara moja kila mwezi. Washa injini mara kwa mara. Kama dizeli ni ya pipa, iache itulie siku moja kabla ya kuichota, na usichote ile ya chini kabisa. Futa matope kwenye ukingo wa filta na upake grisi kidogo kwa nje, pale bati linapokutana na alumini.

Kisha chukua kalamu ya rangi uandike kwenye kopo: tarehe, kilomita zilizosomwa, na herufi za jina lako. Nilianza kufanya hivyo baada ya lile Isuzu. Siku nilipoweka kichwa kipya na filta mpya, nilipaka raba dizeli, nikakaza kwa mkono, nikaandika. Msimu uliofuata mzee aliniita tena kwa kazi ileile, nikalala chini ya lori nikiwa na mkanda na msasa pembeni. Sikuvihitaji. Filta ilitoka kwa viganja viwili. Mzee aliinama, akayasoma maandishi kwenye kopo, na safari hii hakuuliza ilifungwa na nani.